Amehitimu, anataka mwaka mmoja zaidi wa patholojia: tumruhusu?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyoo, vyandarua na lishe ya watoto. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la shule tu, lakini mwisho wake linafika kitandani kwa mgonjwa. Kijana wako, wa kiume au wa kike, amehitimu shahada ya kwanza ya sayansi, ya maabara au ya udaktari. Nyumba nzima inamsubiri. Mdogo wake anadaiwa ada, wavu wa baba umechakaa, na mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwaka huu mambo yatabadilika. Naye anarudi Kipili na habari kwamba anataka kuongeza mwaka mmoja wa utafiti katika patholojia.

Baba anauliza, patholojia ndiyo nini? Mjomba anajibu kwa sauti ya chini kwamba ni kupasua maiti. Basi hapo mazungumzo yanaharibika.

Mimi ni afisa tabibu, si daktari wa patholojia, na ndiyo sababu naweza kukueleza kazi yao bila ya kuitangaza biashara yangu. Sisi tulioko kwenye zahanati na vituo vya afya ndio tunaowategemea, na tunajua uchungu wa kukaa bila majibu yao.

Chukua mfano wa mama aliyeona uvimbe kwenye titi. Pengine amekaa nao miezi, kwa haya au kwa hofu, au kwa sababu mtu alimwambia ni jipu la ndani na akampa dawa ya kupaka. Hatimaye anakuja. Sisi tunaweza kuushika uvimbe, kuupima ukubwa wake, kuangalia kama unacheza au umeshikana na ngozi, na kupapasa tezi za kwapani. Baada ya hapo tumefika mwisho wa elimu yetu. Uvimbe wa kawaida usio na madhara, kifua kikuu cha titi, usaha uliojificha na saratani vinaweza kufanana mkononi. Anayeweza kuvitenganisha kwa uhakika ni mtu atakayekiangalia kinyama kwenye hadubini.

Kinyama hicho huchukuliwa kwa sindano au kwa kisu, kikatiwa ndani ya fomalini ili kisioze, kikasafiri. Kutoka huku mwambao wa Ziwa Tanganyika ni kupanda mlima mpaka Namanyere, kisha Sumbawanga, na kama mtaalamu hayupo mkoani kitaendelea mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Dar es Salaam. Huko hukaushwa maji, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba mno, unene wa kama sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja. Kipande kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, ya zambarau inayoshika kiini cha seli na ya waridi inayoshika sehemu nyingine. Ndipo mtaalamu anakaa kwenye hadubini na kuandika jina la ugonjwa. Jina hilo ndilo linaloamua kama mama atakatwa titi, atapewa dawa za miezi sita za kifua kikuu, au ataambiwa arudi nyumbani akalale kwa amani.

Kwa hiyo, mjomba, sehemu kubwa ya kazi ya patholojia ni kwa ajili ya walio hai. Upasuaji wa maiti upo, hasa pale sheria inapoutaka kujua sababu ya kifo, na wanazuoni wamekwisha kuuzungumzia sana. Hukumu yake muulize sheikh wako. Ninachoweza kusema kwa upande wa tiba ni kwamba maiti wanaopasuliwa ni wachache sana ukilinganisha na vinyama vya wagonjwa wanaosubiri majibu.

Na hata hiyo meza ya maiti tusiidharau. Sisi tuishio kando ya ziwa tunakijua kichocho. Mwaka 1851, mjini Cairo, katika hospitali ya Qasr al-Ayni, daktari kijana wa Kijerumani aitwaye Theodor Bilharz, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akichunguza maiti ndipo akawakuta minyoo ndani ya mishipa ya damu. Watu wa Misri walikuwa wakikojoa damu tangu enzi za Mafirauni, na mayai ya mnyoo huyo yalikuja kuonekana ndani ya figo za maiti zao zilizokaushwa, mwaka 1910. Lakini chanzo kilikuwa hakijulikani mpaka kijana yule alipoangalia. Mwaka 1915 Robert Leiper, huko huko Misri, akaonyesha kwamba vimelea vinapitia kwenye konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia binadamu kwa ngozi. Kila tunapowakataza watoto kujisaidia ziwani au kuoga kwenye majani yenye konokono, tunatumia elimu iliyoanzia mezani pale.

Kabla yao wote, tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202. Vitabu vya Galen, Mgiriki aliyeheshimiwa kuliko matabibu wote, vilisema taya la chini la binadamu lina mifupa miwili. Abd al-Latif akaenda penye mifupa ya waliokufa, akaangalia mataya mengi, akaona mfupa ni mmoja. Akaandika alichokiona. Huo ndio utafiti.

Ni mwaka wa namna gani?

Hapa kuna mkanganyiko wa maneno. Huu mwaka kwa Kiingereza unaitwa kwa jina lenye maana ya heshima. Kwetu "shahada ya heshima" ni ile anayotunukiwa kiongozi kwa mchango wake bila ya kukaa darasani, na vyuo vyetu pia hulitumia neno hilo hilo kwa daraja la ufaulu. Huu ni kitu kingine kabisa. Nchini Australia mwanafunzi husoma shahada ya sayansi miaka mitatu, kisha akifaulu vizuri huruhusiwa kuongeza mwaka wa nne wa utafiti peke yake. Afrika ya Kusini nao wana mwaka kama huo baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vikuu vya Cape Town na Witwatersrand vinautoa katika sayansi za tiba. Uingereza hufanya tofauti kidogo, kwani mwanafunzi wa udaktari huyaacha masomo ya hospitali kwa mwaka mmoja, akafanya utafiti, kisha akarudi kumalizia. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na mpango wa aina hiyo ya Uingereza katika anatomia.

Kwa hapa Tanzania, kijana anayetaka patholojia atapata njia zilizo karibu na hiyo. Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kinafundisha shahada ya sayansi ya maabara pamoja na uzamili wa patholojia kwa madaktari. Wengine huanza kama wasaidizi wa utafiti katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo Mbeya, si mbali sana nasi. Mwaka mmoja wa kazi chini ya mtafiti mzuri Mbeya unaweza kumfunza kijana kuliko cheti cha nchi ya mbali.

Ndani ya mwaka huo hakuna mwalimu anayesimama ubaoni kila asubuhi. Kijana anapewa msimamizi, na wawili hao wanachagua swali moja dogo. Narudia, dogo. Kisha anasoma yaliyokwisha kuandikwa, anaandika mpango wa utafiti, anaomba kibali cha kamati ya maadili, na kwa muda huo wote anajifunza kazi ya mikono: kukata nta, kutia rangi, kuhesabu seli, kuandika kila siku alichokifanya hata kama hakikufaulu. Mwishoni anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watu watakaomuuliza maswali bila huruma.

Kipengele cha kibali wazazi wengi hawakijui. Kinyama cha mgonjwa ni amana. Baada ya majibu kutoka, kipande kilichobaki ndani ya nta huhifadhiwa maabara kwa miaka, na hicho ndicho wanachotumia watafiti. Lakini hawakichukui tu. Lazima kamati ikubali, na majina ya wagonjwa yaondolewe, ili siri ya mama wa Kipili isije ikawa hadithi ya darasani. Kijana asiyeweza kutunza siri asiende huko.

Kinyama kilichopanda ndege

Wako wanaosema utafiti ni wa Wazungu, sisi huku ni wa kutoa damu tu. Basi sikiliza kisa hiki cha Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe mkubwa kwenye mataya, uvimbe unaokua kwa kasi ya ajabu na kuua. Hakuwa na mashine za gharama. Wataalamu wa patholojia wa Makerere, akina J. N. P. Davies na Gregory O'Conor, walikuwa wakisoma vinyama vya wagonjwa wa Uganda na kuvitunza kwa utaratibu, nao ndio waliotambua kwamba uvimbe wa mataya na ule wa matumboni ni saratani moja ya tezi. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walichukua gari kukuu wakazunguka maelfu ya maili, wakapita na Tanganyika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: je, mmeuona uvimbe huu?

Jibu lilipangika kwa urefu wa ardhi. Mabondeni yenye joto na mvua ugonjwa upo. Katika nyanda za juu, zaidi ya kama meta 1,500, ni nadra. Sisi wa Rukwa tunaweza kulielewa hili kuliko watu wengi. Ziwa letu liko kama meta 770 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko juu ya meta 1,700. Anayepanda basi Kipili asubuhi akashuka Sumbawanga anatafuta koti. Mbu wa malaria naye haipendi baridi hiyo, na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara ndiyo ilikuja kufahamika kuwa inashirikiana na kirusi kuleta saratani ile.

Kirusi chenyewe kilipatikanaje? Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Wakakubaliana vinyama vya Kampala viwe vinapelekwa London kwa ndege ya usiku. Vikaja, vikaja tena, bila mafanikio. Desemba 1963 ndege moja ilikuta ukungu London, ikaelekezwa Manchester, na kinyama kikafika kimechelewa, maji yake yakiwa na ukungu kama yaliyooza. Mtu mwingine angeyamwaga. Epstein akayaangalia kwenye hadubini, akakuta si bakteria bali seli hai za uvimbe zinazoelea. Machi 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho hadi leo kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Na Yvonne Barr hakuwa daktari. Alikuwa na shahada ya kwanza ya elimu ya wanyama kutoka Dublin, akaingia maabara kama msaidizi wa utafiti, akawa hodari wa kukuza seli, na shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 1966, baada ya ugunduzi. Namtaja kwa ajili ya mabinti zetu wa sayansi ambao huambiwa kwamba asiyepata nafasi ya udaktari amekosa kila kitu.

Katika kisa hiki mwenye kinyama alikuwa Afrika na mwenye hadubini alikuwa London. Ikiwa hatutawaachia watoto wetu mwaka huo mmoja, itaendelea kuwa hivyo. Mkoa wa Rukwa pekee ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.5 katika sensa ya 2022, na wataalamu wa patholojia nchini ni wachache mno kwa mahitaji. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet lilitoa mfululizo wa makala tatu juu ya upungufu huu katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na mmoja wa waandishi wake wakuu alikuwa Dk. Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi.

Masharti yangu kwa kijana na kwa familia

Kwanza, usidanganyike kuhusu kitakachopatikana. Mwaka huu haumfanyi mtu kuwa daktari wa patholojia. Anayesaini jina la ugonjwa ni lazima awe daktari kwanza: miaka mitano ya shahada, mwaka wa utarajali, kisha miaka mitatu ya uzamili pale Muhimbili. Mhitimu wa maabara akimaliza mwaka wa utafiti anakuwa mtafiti mchanga, au fundi bingwa wa kutayarisha vinyama, na milango ya uzamili na uzamivu inamfungukia. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini asije akaahidi nyumbani kitu kingine. Kwa aliyehitimu udaktari ushauri wangu ni mkali zaidi: amalize utarajali na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kukimbilia utafiti, maana nusu daktari haajiriki.

Pili, fedha zizungumzwe wazi, baba akiwepo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo aliousomea shahada ya kwanza unabaki deni, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Familia nyingi za Kiislamu zilikuwa zikiukwepa mkopo ule kwa hofu ya riba, kutokana na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Kwa mwaka wa utafiti msitegemee Bodi. Tafuteni ufadhili au kazi ya usaidizi yenye posho. Kama hakuna ufadhili wala posho, na mdogo wake anarudishwa shule kwa ada, mimi nasema asubiri. Afanye kazi miaka miwili, aweke akiba, aende baadaye. Elimu haichachi kama dagaa.

Tatu, msimamizi ni bora kuliko jina la chuo. Kabla ya kukubali, kijana aulize wanafunzi waliotangulia wa msimamizi huyo wako wapi, walimaliza kwa wakati, na majina yao yamo katika makala zilizochapishwa? Chuo kikubwa chenye msimamizi asiyepatikana ni mwaka uliopotea. Na chuo cha nje kikaguliwe kwanza kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwani mawakala wa mjini wanaodai ada ya usajili kabla hujaona barua wamewaliza wengi.

Nne, swali la utafiti lisiwe la kuiga. Angalia hili: kinyama kinachotolewa mwambao wa ziwa hukaa siku ngapi kabla ya kusomwa, na kikifika kiko katika hali gani? Daftari za maabara zinaweza kulijibu kwa mwaka mmoja na gharama ndogo. Au je, wanawake wa Rukwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hufika wakiwa hatua gani? Majibu ya maswali kama haya yatamfaa mganga mkuu wa mkoa kesho yake.

Tano ni afya ya kijana mwenyewe. Mvuke wa fomalini unawasha macho na koo, na tangu mwaka 2004 umetambuliwa kimataifa kuwa unasababisha saratani kwa anayeuvuta kwa muda mrefu. Maabara isiyo na madirisha wala feni ya kutoa hewa, akatae. Glavu ni lazima, na chakula kisiingie humo.

Wewe uliyebaki nyumbani nawe una sehemu yako, maana hadubini haiwezi kusoma kilichooza. Ukiambiwa usafirishe kinyama cha mgonjwa wako, hakikisha kimo kwenye chupa yenye mdomo mpana, kimezama ndani ya fomalini iliyochanganywa, ambayo ujazo wake ni mara kumi ya kinyama chenyewe. Usikitie kwenye maji, chumvi wala spiriti, na usikiweke kwenye barafu kama samaki. Jina liandikwe kwenye chupa, siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Na jina liwe moja. Hapa kwetu mama huandikwa Mama Asha zahanati, Mwajuma kwenye rufaa, na jina la tatu kwenye kitambulisho. Majibu yakirudi hayamkuti. Acha namba ya simu inayopatikana, ya ndugu wa Sumbawanga ikiwezekana, kisha fuatilia. Na familia inayotaka kuzika kiungo kilichokatwa iseme kabla ya upasuaji.

Kwa kijana anayetaka kuanza: Australia na Afrika ya Kusini mwaka wa masomo hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, hivyo maombi hupelekwa mwaka unaotangulia, na mapema. Andaa nakala ya matokeo iliyothibitishwa na chuo, barua za walimu wawili wanaokujua kwa kazi na si kwa sura, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Kwa Mbeya, barua ya ukurasa mmoja inatosha kuanzia. Sema unatoka wapi, umesoma nini, na swali gani linakusumbua.